Jungu Kuu na Ukoko Wake: Johnny Cash na Albamu ya Mwaka 1994

Wahenga walisema kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Maana ya methali hii yajulikana na kila asemaye Kiswahili: mtu mzima, hata akidhaniwa kuwa amekwisha, hakosi salio la hekima au la ujuzi ambalo kijana hana. Walakini methali hiyo imenyamaza juu ya jambo moja. Haisemi ukoko huo hutolewa na nani, wala kwa nini jungu huweza kukaa jikoni siku nyingi limefunikwa, na wenye nyumba wakalala na njaa. Katika insha hii nataka kulitazama jambo hilo kwa mfano wa mwimbaji mmoja wa Marekani, marehemu Johnny Cash, na albamu aliyoitoa mwaka 1994, alipokuwa na umri wa miaka 62.

Aina ya muziki aliouimba huitwa kantri. Asili yake ni nyimbo za wakulima, wachungaji wa ng'ombe na wafanyakazi wa reli katika kusini mwa Marekani. Si muziki mgeni kabisa katika masikio ya Afrika Mashariki. Huko Kenya, hasa katika nyanda za juu, nyimbo za kantri zimesikika redioni kwa miaka mingi, na jina la Jim Reeves, aliyekufa mwaka 1964, lingali likitajwa na wazee kana kwamba alikuwa jirani yao. Tena mojawapo ya ala za muziki huo, banjo, chimbuko lake ni Afrika Magharibi, nayo ilivuka bahari pamoja na watumwa. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba namwita kutazama jambo la mbali lisilomhusu.

Albamu yenyewe iliitwa American Recordings, kwa jina la kampuni iliyoitoa tarehe 26 Aprili 1994. Ina nyimbo 13, na katika zote husikiki ila mtu mmoja na gitaa moja. Hakuna ngoma, hakuna fidla, hakuna waitikiaji. Nyingi zilirekodiwa mahali pa kawaida mno: sebuleni katika nyumba ya mtayarishaji wake mjini Los Angeles, na katika kibanda cha magogo cha Cash mwenyewe huko Hendersonville, katika jimbo la Tennessee. Nyimbo mbili zilichukuliwa mbele ya watu katika kilabu kidogo cha usiku huko Los Angeles. Sauti ni nzito, imekauka kidogo, na mahali pengine pumzi yasikika ikivutwa kabla ya neno. Mtu asiyejua habari zake angedhani kwamba asikia mzee aliyeketi barazani usiku, akijiimbia asiposikiwa na mtu.

Ili kuifahamu albamu hiyo hatuna budi kurudi nyuma. Johnny Cash alizaliwa tarehe 26 Februari 1932 huko Kingsland, katika jimbo la Arkansas. Wazazi wake walikuwa maskini. Mwaka 1935, katika dhiki kuu ya uchumi iliyoikumba Marekani, serikali iliwahamishia familia kadha wa kadha katika makazi mapya ya Dyess, ikawapa nyumba na ardhi ya kulima pamba. Fungu la wazazi wa Cash lilikuwa ekari 20. Mtoto huyo alikua akichuma pamba na kumsikiliza mama yake akiimba nyimbo za dini. Mwaka 1944 ndugu yake mkubwa, Jack, alikatwa na msumeno wa mashine akafa siku chache baadaye. Wote walioandika maisha ya Cash wamekubaliana kwamba kidonda hicho hakikupona katika moyo wake.

Baadaye alijiunga na Jeshi la Anga, akapelekwa Ujerumani, ambako kazi yake ilikuwa kunasa ishara za simu ya upepo za Warusi. Huko ndiko alikonunua gitaa lake la kwanza. Aliporudi alihamia mjini Memphis, na mwaka 1955 alitoa santuri yake ya kwanza katika kampuni ndogo ya Sun, iliyomilikiwa na Sam Phillips. Wapigaji wake walikuwa wawili tu: Luther Perkins wa gitaa na Marshall Grant wa besi. Hawakuwa mabingwa, na hawakuwa na mpiga ngoma. Cash alipenyeza karatasi kati ya nyuzi za gitaa lake ili litoe mlio mkavu kama wa ngoma ndogo. Hivyo ndivyo ulivyopatikana ule mwendo wake maarufu ufananao na garimoshi likienda. Natamani msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana lina uzito mbele: uchache wa ala ulikuwa tabia ya muziki wake tangu siku ya kwanza. Ulizaliwa na umaskini, lakini ulimfaa.

Mwaka 1958 alihamia kampuni kubwa ya Columbia, akakaa nayo miaka 28. Huko alipata utukufu na pia maangamizi, kwa kuwa katika miaka ya 1960 alitawaliwa na vidonge vya kulevya, hata akakaribia kufa. Kilele cha kazi yake kilikuja tarehe 13 Januari 1968, alipoimba mbele ya wafungwa katika gereza la Folsom huko California na tamasha hilo likarekodiwa. Albamu iliyotoka humo ilisifiwa dunia nzima. Wengi hawajui kwamba wazo hilo lilikuwa la zamani. Cash alikuwa akiimba magerezani tangu miaka ya 1950, na kwa muda mrefu alitamani kurekodi huko, lakini wakubwa wa kampuni hawakuona faida yake. Alipopatikana mtayarishaji mwingine, Bob Johnston, aliyekubali, ndipo jambo likawa. Mfano huu nao tuuweke akibani.

Baada ya kilele huja mteremko. Katika miaka ya 1970 na 1980 biashara ya kantri ilibadilika. Vituo vya redio vilitaka sauti laini na nyuso changa, na watayarishaji wakaifunika sauti ya Cash kwa fidla nyingi na waitikiaji wengi, wakidhani kwamba kila kilichoongezwa kilikuwa nakshi. Mwaka 1984 alirekodi wimbo wa mzaha juu ya mtu aliyebadilishiwa ubongo, na kuku aliyepewa ule ubongo wake wa kwanza. Katika filamu ya wimbo huo alivalishwa mavazi ya kuchekesha. Baadaye aliuonea haya. Mwaka 1986 Columbia haikufanya naye mkataba mpya. Mtu aliyeiletea kampuni hiyo utajiri kwa karibu miaka 30 aliambiwa, kwa maneno au kwa kimya, kwamba hesabu yake imefungwa. Kampuni nyingine ilimchukua kwa miaka michache, lakini santuri zake hazikutangazwa. Mwaka 1988 alifanyiwa upasuaji wa moyo.

Haki yataka tuseme kwamba hakuwa amesahauliwa na watu wote. Mwaka 1985 alishirikiana na Waylon Jennings, Willie Nelson na Kris Kristofferson katika kundi la Highwaymen, na kazi yao ikapokewa vizuri sana. Mwaka 1992 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wanamuziki wa roki. Alikuwa na hadhi ya mnara: watu hupita, huuangalia, huvua kofia, kisha hwenda zao. Hadhi hiyo ni kubwa, lakini mnara hauulizwi neno.

Hapa ndipo inapoingia hadithi ipendwayo na waandishi wa magazeti. Mwaka 1993 kijana mmoja jina lake Rick Rubin alikwenda kumsikiliza Cash katika ukumbi wa chakula na muziki huko Santa Ana, California. Rubin alizaliwa mwaka 1963. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini New York alishiriki kuanzisha kampuni ya Def Jam, iliyowatangaza waimbaji wa rap, kisha akatayarisha muziki wa roki wa vishindo. Ndevu zake zilikuwa ndefu, na muziki wake ulikuwa mbali na kantri kama Lamu ilivyo mbali na Kigoma. Alimwambia mzee aketi na gitaa aimbe nyimbo azipendazo. Kutokana na hayo, hadithi husema, kijana alimfufua mzee.

Hadithi hiyo ni tamu, lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kukubali utamu mahali pa ushahidi. Baada ya kifo cha Cash, palitolewa mwaka 2006 mkusanyo wa nyimbo 49 uitwao Personal File. Nyimbo hizo zilikutwa katika kanda zilizohifadhiwa katika studio yake mwenyewe huko Hendersonville. Nyingi zilirekodiwa kuanzia mwaka 1973, na nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndani yake mna nini? Mna mtu mmoja na gitaa moja. Mna nyimbo za utotoni, nyimbo za dini, nyimbo alizotunga mwenyewe, na hapa na pale maneno machache ya kueleza kila wimbo ulitoka wapi. Kwa maneno mengine, miaka 20 kabla ya kijana kufika, mzee alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo, akaitia katika sanduku, na sanduku likafungwa. Tena yeye mwenyewe alisimulia kwamba kwa miaka mingi alikuwa na ndoto ya kutoa albamu ya sauti yake na gitaa lake tu, akiimba kama mtu aliye peke yake usiku wa manane. Ndoto hiyo haikupata mnunuzi.

Mfano mwingine umo ndani ya albamu yenyewe. Mmojawapo wa nyimbo zake bora, The Beast in Me, ulitungwa na Mwingereza Nick Lowe, ambaye alipata kuwa mume wa binti wa kambo wa Cash. Lowe aliuanza wimbo huo kwa ajili ya baba mkwe wake miaka mingi kabla ya mwaka 1994, na Cash hakuacha kumwuliza habari zake. Ndoa yenyewe ilikuwa imekwisha vunjika wakati wimbo ulipopata kuimbwa. Nao ulizaliwa miongoni mwa jamaa za Cash, ukangoja.

Basi tukiuweka mfano wa Folsom kando ya mfano wa mwaka 1994, twaona jambo lile lile mara mbili. Mara zote mbili wazo lilikuwa la Cash. Mara zote mbili alilibeba kwa miaka mingi. Mara zote mbili walio na funguo za studio na fedha za matangazo hawakulitaka, mpaka akatokea mtu mmoja mwenye ufunguo aliyekuwa tayari kusikiliza. Kwa hiyo nasema kwamba neno "kufufua" halifai. Hufufuliwa aliyekufa. Huyu alikuwa hai, anaimba, ila mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Lakini nisimdhulumu Rubin kwa kumtetea Cash. Kusikiliza ni kazi, na si kazi nyepesi. Alimwacha mzee aimbe nyimbo nyingi kwa siku nyingi bila ya kumharakisha. Walijaribu kuongeza wapigaji wengine, wakasikia kwamba kila kiongezwacho chapunguza, wakarudi kwenye gitaa moja. Watayarishaji wengine waliomtangulia walikuwa na uwezo wa kuongeza. Huyu alikuwa na moyo wa kuacha. Aidha alimletea Cash nyimbo ambazo mzee asingezipata barazani kwake: wimbo wa Glenn Danzig, mwimbaji wa roki ya kutisha, wimbo wa Tom Waits, wimbo wa Loudon Wainwright wa tatu. Cash naye alileta wa Leonard Cohen aliokuwa akiupenda, na nne alizotunga mwenyewe, mmoja wao ukiwa juu ya askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Wageni na wenyeji waliketi pamoja katika albamu moja bila ya kugombana, kwa sababu sauti iliyowaimba ilikuwa moja na haikujifanya.

Sifa zisitufumbe macho. Wimbo unaofungua albamu, Delia's Gone, ni masimulizi ya mwanamume aliyemwua mpenzi wake. Cash aliwahi kuurekodi katika miaka ya 1960, na sasa aliurudia kwa maneno makali zaidi. Wasikilizaji vijana waliupenda kwa ukatili wake, kama watu wapendavyo hadithi ya kutisha. Lakini Delia hakuwa mtu wa hadithi. Alikuwa Delia Green, msichana mweusi wa umri wa miaka 14 wa mjini Savannah katika jimbo la Georgia, aliyepigwa risasi mkesha wa Krismasi mwaka 1900 na kijana aliyekuwa rafiki yake. Katika albamu hiyo msichana huyo hakupewa umri, wala mji wake halisi, wala rangi, wala neno la kujitetea. Muuaji husema, naye hunyamaza. Naandika hili kwa sababu somo la insha hii ni kusikilizwa. Mzee aliyenyimwa masikio kwa miaka mingi, alipopata masikio, alianza na wimbo ambao ndani yake mtoto mwingine hasikiki. Hilo halifuti thamani ya kazi yake, lakini halistahili kufunikwa.

Albamu ilipokewaje? Wahakiki waliisifu, na vijana waliokuwa hawajazaliwa wakati wa Folsom wakainunua. Mwaka 1995 ilipata tuzo ya Grammy, lakini katika fungu la muziki wa kienyeji wa kisasa, si katika fungu la kantri. Redio za kantri hazikuipiga ila kwa nadra. Albamu iliyofuata, Unchained ya mwaka 1996, ilipata Grammy ya albamu bora ya kantri mwaka 1998, na bado redio hizo zilinyamaza. Hapo kampuni ya Rubin ilichapisha tangazo katika gazeti la biashara ya muziki, Billboard, likitoa shukrani za kejeli kwa wakubwa wa kantri wa Nashville na redio zao, pamoja na picha ya Cash iliyopigwa katika gereza la San Quentin mwaka 1969, akionyesha ishara ya tusi kwa kidole. Wengine waliona aibu, wengine walicheka. Mimi nasoma katika tangazo hilo ushahidi wa historia: nyumba aliyoijenga mzee haikumfungulia hata alipobisha akiwa na tuzo mkononi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi, naye hakuacha kuimba. Albamu ya tatu ya mfululizo huo ilitoka mwaka 2000, na ya nne mwaka 2002. Mwaka 2003 ilionekana filamu ya wimbo Hurt, uliotungwa na Trent Reznor. Humo Cash aonekana ameketi na mikono ya kutetemeka, na jumba lake la makumbusho limechakaa nyuma yake, na mkewe, June Carter, amesimama akimtazama. June alifariki tarehe 15 Mei mwaka huo, na Cash akamfuata tarehe 12 Septemba, akiwa na umri wa miaka 71. Mwaka 2006 albamu ya tano, iliyotolewa baada ya kifo chake, ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Marekani, heshima ambayo hakuipata tangu mwaka 1969.

Hapa pana jambo la kutia shaka, nami sitalipita. Biashara iliyomkataa Cash kwa kuwa ni mzee ndiyo iliyojifunza kumuuza kwa kuwa ni mzee. Mavazi meusi, mikunjo ya uso, pumzi fupi, kaburi lililo karibu: vyote viligeuka kuwa bidhaa. Cash aliyependa mzaha, Cash aliyeimba na wakwe zake jukwaani, Cash wa nyimbo za furaha za dini, alisogezwa kando ili abaki mzee mmoja mpweke aliye mbele ya mauti. Tangu hapo waimbaji wengine wazee wamevuliwa ala zao na kuketishwa na gitaa moja, kana kwamba upungufu wa ala ndio dawa. Si dawa. Gitaa moja lilimfaa Cash kwa sababu lilikuwa lake tangu Memphis, na katika kanda za mwaka 1973 alilishika bila ya kuambiwa na mtu. Atakayeiga umbo bila ya kuuliza lilitoka wapi atapata jungu lisilo na ukoko.

Nimeieleza historia hii katika jarida la wasomi wa Kiswahili kwa sababu kosa la Columbia si la Marekani peke yake. Sisi nasi tuna wazee ambao tumewafanya minara. Twawaalika katika sherehe, twawapa kiti cha mbele, twawavisha shada la maua, na baada ya hotuba twawarudisha makwao bila ya kuwauliza neno. Mtafiti hufika na orodha ya maswali yake mwenyewe, akaondoka na majibu ya maswali hayo tu. Nakiri kwamba nami nimefanya hivyo. Niliwahi kumwendea mzee mmoja mjuzi wa nyimbo za arusi, nikamwuliza juu ya vina na mizani kwa muda wa saa mbili. Nilipokuwa nikikunja karatasi zangu aliniambia kwa upole kwamba wimbo aupendao kuliko zote sikuuliza. Jua lilikuwa limekuchwa, nami nilikuwa na gari la kuwahi. Niliahidi kurudi. Sikuwahi kurudi yeye akiwa hai.

Swali ambalo Rubin alimwuliza Cash halikuhitaji elimu kubwa: wapenda kuimba nini? Watu waliokuwa na elimu zaidi na fedha zaidi walipitiwa na miaka bila ya kuliuliza, na wakati huo wote jawabu lilikuwa ndani ya sanduku, limerekodiwa tayari. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko haujipakui. Hungoja mtu aje, afunue, akwangue kwa saburi, ale alichokuta.